Louis Chevrolet, Fundi Aliyeliacha Jina Lake

Ni nadra jioni kupita bwenini bila ubishi wa motokaa. Mmoja husifu gari lenye mbio, umbo lake limechongeka hata likapendeza macho. Mwenzake humjibu kwamba gari ni lile lifikalo, ambalo likiharibika njiani spea yake haina taabu kupatikana. Wa tatu huuliza bei, na hapo wote hucheka, maana waliomo katika ubishi hawana hata baiskeli. Katika kusoma habari za watu wa zamani nimeona ya kuwa ubishi huu hatukuuanza sisi. Zaidi ya miaka mia iliyopita uliwagombanisha watu wawili waliokuwa wakifanya kazi pamoja katika mji wa Detroit, nchi ya Marekani, na mmoja wao akatoka katika ugomvi ule ameliacha nyuma jina lake mwenyewe. Huyo ndiye Louis Chevrolet. Jina lake wengi mnalijua, na huenda baadhi ya wanafunzi wa zamani walipata kusafiri katika lori lenye jina hilo. Lakini mtu mwenyewe hajulikani sana.

Louis alizaliwa siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1878, katika mji wa La Chaux-de-Fonds, nchi ya Uswisi. Mji huo ulikuwa mji wa mafundi wa saa, na baba yake naye alikuwa fundi wa saa. Louis angali mtoto, wazazi wake walihamia Beaune katika Ufaransa, mahali pa mashamba ya mizabibu. Watoto walikuwa wengi na fedha chache, kwa hiyo hakukaa sana shuleni. Akaingia kazi katika duka la baiskeli, akajifunza kuzitengeneza, kisha akajifunza kushindana nazo. Husimuliwa kwamba huko Beaune alibuni pampu ya kuhamishia mvinyo kutoka pipa moja hata jingine. Mimi sioni ajabu. Kijana aliyelelewa na fundi wa saa hawezi kutazama mashini ikifanya kazi vibaya akanyamaza.

Baadaye alikwenda Paris kujifunza kazi ya injini, na mwaka 1900 akavuka bahari mpaka Kanada, kisha akashuka New York. Hapo akapata kazi kwa kampuni ya Kifaransa ya De Dion-Bouton iliyokuwa na tawi lake huko. Wadogo zake wawili, Arthur na Gaston, nao wakamfuata.

Mwaka 1905 alipewa gari la mbio la Fiat aliendeshe katika mashindano ya New York. Akapita maili moja kwa sekunde 52.8, akamshinda Barney Oldfield, ambaye wakati ule Wamarekani walimhesabu kuwa dereva mkuu kuliko wote. Tangu siku hiyo jina lake likaanza kuandikwa magazetini. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, masharubu mazito, hasira za karibu, na sigara isiyotoka mdomoni. Aliendesha kwa nguvu zote, na kwa sababu hiyo aliumia mara nyingi na kulazwa hospitali mara nyingi.

Basi alitokea mtu mwingine, William Durant. Huyu hakuwa fundi hata kidogo; kazi yake ilikuwa biashara, na katika biashara alikuwa mwepesi kama samaki majini. Alianza kwa kutengeneza magari ya farasi, akachukua kampuni ya Buick, na mwaka 1908 akaanzisha General Motors. Durant alijua kwamba watu hununua kile wanachokiona kikishinda, akawaajiri Louis na Arthur waendeshe magari ya Buick katika mashindano. Husimuliwa kwamba siku moja aliwashindanisha ndugu hawa ili achague dereva wake mwenyewe. Louis akashinda kwa mbio, lakini Durant akamchagua Arthur, kwa kuwa hakujitia katika hatari. Ikiwa hadithi hii ni ya kweli, basi Louis alikuwa ameonyeshwa mapema jinsi tajiri wake alivyopima gari na dereva.

Mwaka 1910 Durant alikuwa na madeni mengi, na wenye mabenki wakamwondoa katika usimamizi wa General Motors. Hakukata tamaa. Akamwendea Louis amchoree motokaa mpya, na tarehe 3 Novemba 1911 ikaandikishwa kampuni yenye jina la Chevrolet. Durant alilipenda jina lile kwa mlio wake wa Kifaransa, na kwa kuwa wapenzi wa mashindano walikwisha kulijua.

Gari la kwanza liliitwa Classic Six. Louis alitia ndani yake yote aliyoyapenda. Injini ilikuwa ya silinda sita na ukubwa wa karibu lita tano, yenye nguvu za farasi 40. Iliweza kukimbia maili 65 kwa saa au karibu na hapo. Lilikuwa gari pana, la watu watano, limepakwa rangi vizuri, lenye viti vya fahari. Lakini bei yake ilizidi dola 2,000, na katika mwaka 1912 kiwanda kilitoa magari yasiyofika 3,000.

Wakati huo huo, katika mji ule ule, Henry Ford alikuwa akiuza Model T kwa dola kama 600. Tuyalinganishe kidogo magari haya mawili, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Model T lilikuwa na silinda nne na nguvu za farasi 20 tu, yaani nusu ya lile la Louis. Hakuna aliyelisifu kwa uzuri, na kuanzia 1914 hata 1925 lilipakwa rangi nyeusi peke yake. Kwa miaka mingi liliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele, na hendeli hiyo ikirudi nyuma kwa nguvu iliweza kumvunja mtu mkono. Lakini chuma chake kilikuwa chepesi na kigumu, lilisimama juu sana, likapita katika matope na mashimo ya njia za shamba. Mkulima aliweza kulifungua na kulifunga mwenyewe kwa spana chache. Na tangu 1913, Ford alipoanza kuyaunganisha magari yakiwa yanasogea mbele ya wafanyakazi, kila mtu na kazi yake moja, bei ikazidi kushuka. Mpaka yalipokoma kutengenezwa mwaka 1927, yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 15.

Durant aliyaona hayo akataka njia ile ile. Alikuwa na kampuni nyingine iliyotengeneza kigari cha bei nafuu kilichoitwa Little, kwa jina la msimamizi wake. Kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni kidogo, na sijui nani angependa kujivuna mbele ya jirani zake kwa gari lenye jina la namna hiyo. Durant akaona ana gari rahisi lenye jina baya, na jina zuri juu ya gari ghali. Akaamua kulihamisha jina.

Louis alikasirika. Kwake yeye, jina lake juu ya gari lilikuwa kama ahadi, kwamba gari hilo ni la fundi wa mashindano, lina nguvu na limetengenezwa kwa uangalifu. Kulitia juu ya kigari cha kila mtu kulikuwa kuivunja ahadi hiyo. Husimuliwa pia kwamba Durant alimtaka aache sigara zake za kawaida, avute zile nene za matajiri, zipate kulingana na cheo chake, na hapo Louis akasema basi, umelichukua gari langu na jina langu, nafsi yangu hutaipata. Iwe ni kweli au ni chumvi ya wasimulizi, mwaka 1913 Louis aliondoka, na hisa zake akaziuza. Jina likabaki kuwa mali ya kampuni, wala hakuweza tena kulitia juu ya motokaa aliyoitengeneza mwenyewe.

Mwaka 1915 Durant akaonyesha gari lililoitwa Chevrolet 490. Hesabu ile ilikuwa ndiyo bei yake kwa dola, ikawekwa makusudi kupambana na Ford. Watu wakalinunua kwa wingi, na utajiri uliotoka humo ulimwezesha Durant kuirudia General Motors mwaka 1916. Mwaka 1927, Ford alipofunga viwanda vyake ili kubadili kutoka Model T, magari ya Chevrolet yaliuzwa kuliko ya Ford. Hisa alizoziuza Louis zingalimfanya tajiri mkubwa.

Wengine husoma habari hizi wakasema Louis alikuwa mpumbavu. Mimi siwezi kukubali neno hilo. Katika habari ya soko alikosea, tena sana, kwa sababu mtu mwenye dola 500 hana faida na gari la dola 2,000 hata liwe zuri namna gani. Lakini hakuwa akisema habari ya soko. Alikuwa akisema habari ya jina la baba yake.

Yeye na ndugu zake wakaanzisha kampuni nyingine, wakaiita Frontenac, jina la gavana wa Kifaransa aliyetawala Kanada zamani. Wakatengeneza magari ya mashindano, mepesi, yenye alumini nyingi katika injini. Tangu mwaka 1913 mashindano makubwa ya maili 500 katika mji wa Indianapolis yalikuwa yakishindwa na magari ya Ulaya, Peugeot, Delage na Mercedes. Mwaka 1920 Louis aliunda magari ya namna mbili, mengine kwa jina la Frontenac na mengine kwa jina la Monroe kwa ajili ya kampuni nyingine.

Siku ya mashindano magari yake yalianza kutoka moja moja. Baadhi yaligonga ukuta, na lile alilokuwa akiliendesha Louis mwenyewe likaharibika usukani. Tazama jinsi gari la mbio lilivyo, wasomaji: injini inaweza kuwa bora kuliko zote duniani, lakini kipande kimoja cha chuma cha usukani kikiwa dhaifu, kazi ya mwaka mzima huishia ukutani. Lakini gari la mdogo wake Gaston likaendelea. Mbele alikuwako Ralph DePalma katika Ballot ya Kifaransa, naye alikuwa ameushika ushindi mkononi, lakini zikiwa zimebaki duru chache gari likamharibikia. Gaston akapita, akamaliza maili 500 bila kubadili mpira hata mmoja, jambo ambalo halikuwa limewezekana kabla yake. Likawa gari la kwanza la Kimarekani kushinda pale tangu 1912.

Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 25 Novemba mwaka ule ule, Gaston alikufa katika mashindano ya Beverly Hills, California. Alikuwa na umri wa miaka 28. Louis akaacha kuendesha magari ya mashindano. Mwaka 1921 gari lake la Frontenac lilishinda tena Indianapolis likiendeshwa na Tommy Milton, lakini mwenyewe alikuwa mtazamaji.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote katika habari za mtu huyu. Kampuni ya Frontenac ilipoishiwa fedha, Louis na Arthur walitafuta kitu cha kuuza, nacho walikipata katika gari la Henry Ford. Waliunda silinda hedi mpya, yaani kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, ya kufungwa juu ya injini ya Model T. Mtu aliyekuwa na Ford kuukuu aliweza kuinunua, akaifunga, na gari lake la kupeleka viazi sokoni likawa gari la mbio. Vijana wa vijijini waliokuwa wakishindana katika viwanja vya mavumbi waliinunua kwa maelfu. Mwaka 1923 Ford iliyotengenezwa hivyo iliingia Indianapolis katikati ya magari ya gharama kubwa, ikiendeshwa na L. L. Corum, nayo ikawa ya tano. Mwaka uliofuata Henry Ford mwenyewe alikuja kuwa mwamuzi mkuu wa mashindano. Hivyo mtu aliyekataa gari la bei nafuu lisibebe jina lake alipata chakula chake kwa kulipa nguvu gari la bei nafuu kuliko yote, na kazi hiyo aliifanya kwa uangalifu ule ule wa Classic Six.

Baadaye alijaribu injini za ndege, lakini mwaka 1929 biashara za Marekani zilianguka na zake zikaanguka pamoja nazo. Katika miaka ya 1930 alirudi Detroit, akafanya kazi ya ufundi katika kiwanda cha Chevrolet. Durant naye hakuwa na hali njema. Alikuwa ameondolewa tena General Motors mwaka 1920, na mwaka 1936 akatangazwa kuwa amefilisika.

Louis aliugua kwa muda mrefu, akafa tarehe 6 Juni 1941, akiwa na umri wa miaka 62. Hakuzikwa Detroit, mahali magari yenye jina lake yalipokuwa yakitengenezwa. Walimpeleka Indianapolis, mji wa mashindano, na hapo ndipo lilipo kaburi lake, karibu na la Gaston.