Habari za Ruthu Mmoabi, Mjane Aliyeokota Masuke

Wakati wa mavuno ya mpunga mama zetu wa Rufiji na Kibiti hushuka mabondeni na visu vyao, wakakata suke kwa suke. Kabla ya hapo wamekwisha kukaa siku nyingi juu ya dungu wakifukuza ndege. Mtu aijuaye kazi hiyo hataona habari za Ruthu kuwa ngeni, ingawa mavuno yake yalikuwa ya shayiri.

Ruthu alikuwa binti wa Moabu, nchi iliyo mashariki ya Bahari ya Chumvi, naye aliishi zamani za Waamuzi. Njaa ilipoingia Bethlehemu, mtu mmoja jina lake Elimeleki alihamia Moabu pamoja na mkewe Naomi na wana wao wawili, Maloni na Kilioni. Elimeleki akafa huko. Maloni akamwoa Ruthu, na Kilioni akamwoa Orpa. Baada ya miaka kama 10 wana wale nao wakafa, wala hawakuacha mtoto. Nyumba ile ikabaki na wajane watatu.

Naomi aliposikia ya kuwa Mungu amewapa watu wake chakula, akashika njia ya kurudi kwao. Akawasihi wakweze warudi kwa mama zao, wapate kuolewa tena. Orpa akambusu, akarudi; nasi hatumlaumu, maana alilisikia neno la mkwewe. Lakini Ruthu akaambatana na Naomi, akaahidi kushika kabila lake na Mungu wake hata kaburini. Alikwenda bila mume, bila mtoto, bila shamba, kwa watu ambao torati yao ilimkataza Mmoabi kuingia katika mkutano wa Bwana.

Wakafika Bethlehemu mwanzo wa mavuno. Ruthu hakungoja kulishwa, bali alikwenda kuokota masuke nyuma ya wavunaji. Wala hakuwa mwizi, kwa kuwa Musa alimwamuru mwenye shamba asivune pembe zote, wala asiurudie mganda aliousahau, ila amwachie maskini, mgeni, yatima na mjane. Shamba lile lilikuwa la Boazi, mtu wa ukoo wa Elimeleki. Boazi akafanya kupita amri: akawakataza vijana wasimguse, akampa maji na chakula, akaagiza wavunaji waangushe masuke makusudi. Jioni Ruthu akapura efa moja ya shayiri, si chini ya debe moja la kwetu.

Hapa twawaomba makatekista waangalie sana. Mara nyingi twamhubiri Ruthu kwa wake vijana peke yao, ili wawaheshimu wakwe zao. Ni vema, lakini ni nusu ya habari. Ruthu na uaminifu wake wangalikufa njaa, kama pasingalikuwa na mtu aliyeishika torati shambani mwake. Palikuwa na jamaa wa karibu kuliko Boazi. Huyo alilitaka shamba la marehemu, lakini aliposikia ya kuwa mjane naye yumo, akaliacha, asiuharibu urithi wake. Ndipo Boazi akalikomboa langoni pa mji mbele ya wazee 10, akamwoa Ruthu.

Ruthu akamzaa Obedi, babu yake Daudi. Naomi, aliyekuwa amejiita Mara, yaani uchungu, akampakata mtoto kifuani. Na wanawake wa mji wakamhesabu yule mgeni kuwa bora kuliko wana saba. Mathayo naye amemtaja katika ukoo wa Bwana wetu Yesu.

Mwezi wa Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika, mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti yakazama, na watu wengi wakahama makwao kama Elimeleki. Basi tujiulize: mume akiisha kuzikwa, shamba lake la mpunga lashikwa na nani? Na mama wa kabila jingine akija usharikani mikono mitupu, twamwonyesha pembe ya shamba, au njia ya kurudi kwao? Wake zetu na wajifunze kwa Ruthu. Nasi tulio na mashamba tusivune mpaka pembeni. Mungu atusaidie.