Furtwängler: Aliyeikwepa studio, akaokolewa na kanda

UKITAJA majina ya waongoza okestra waliotamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, huwezi kuliruka la Mjerumani Wilhelm Furtwängler. Gwiji huyo aliamini kuwa muziki huzaliwa ukumbini na kwisha humo humo, mbele ya watu waliokuja kuusikiliza. Kurekodi studio hakukumpendeza. Ajabu ni kwamba leo, zaidi ya miaka 70 tangu aage dunia, sifa yake imesimama juu ya kanda zilizonaswa kumbini, ambazo nyingi hazikukusudiwa kuuzwa.

Furtwängler alizaliwa mjini Berlin Januari 25, 1886, na kukulia Munich, ambako baba yake, Adolf, alikuwa mtaalamu maarufu wa mambo ya kale. Kijana huyo alifundishwa na walimu wa nyumbani na ndoto yake ilikuwa kuwa mtunzi. Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 20, alisimama mbele ya okestra mjini Munich na kuongoza Simfonia ya Tisa ya Bruckner. Mwaka 1922 alifariki Arthur Nikisch, aliyeongoza okestra za Berlin Philharmonic na Gewandhaus ya Leipzig. Zote mbili zikakabidhiwa kwa Furtwängler.

Kijiti chake kilikuwa na sifa ya pekee. Hakikupiga mapigo yaliyonyooka, bali kilitetemeka hewani, na wapigaji walilazimika kusikilizana ili waanze pamoja. Kasi ya muziki ilipanda na kushuka kulingana na hali ya jioni hiyo. Ndiyo maana simfonia moja aliyoiongoza mara mbili haikuwa ile ile, na ndiyo maana wapenzi wake hutafuta kila kanda yenye tarehe tofauti.

Studio za zama hizo hazikumpa nafasi hiyo. Upande mmoja wa santuri ulichukua muziki wa dakika nne hivi, kwa hiyo okestra ilipiga kipande, ikasimama, kisha ikaendelea na kingine. Kwa mtu aliyejenga simfonia nzima kama pumzi moja, hayo yalikuwa mateso.

Manazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, wasanii wengi waliihama Ujerumani. Furtwängler alibaki. Mwaka 1934 alimtetea gazetini mtunzi Paul Hindemith, aliyepigwa vita na utawala huo, na Desemba mwaka huo akajiuzulu nyadhifa zake. Hata hivyo, mwaka uliofuata alirejea jukwaani. Aliwasaidia wanamuziki kadhaa wa Kiyahudi, lakini jina lake liliendelea kuupamba utawala uliokuwa ukiwaangamiza ndugu zao. Aprili 1942 aliongoza Simfonia ya Tisa ya Beethoven katika sherehe ya mkesha wa siku ya kuzaliwa kwa Hitler, na kamera zikamnasa akipeana mkono na Goebbels.

Ni katika miaka hiyo ya vita ndipo redio ya Ujerumani iliponasa maonyesho yake kwa chombo kipya, mashine ya kanda za sumaku iliyotengenezwa na kampuni ya AEG. Kanda hizo zilibeba muziki mrefu bila kuukata kila baada ya dakika chache. Fundi Friedrich Schnapp alisimamia kazi hiyo, na muziki ukanaswa pamoja na kikohozi cha wasikilizaji.

Januari 1945, ukumbi wa Philharmonie ukiwa umeshabomolewa kwa mabomu, okestra ilipiga katika jumba la Admiralspalast. Umeme ulikatika katikati ya simfonia ya Mozart. Uliporudi, Furtwängler alikwenda moja kwa moja kwenye Simfonia ya Kwanza ya Brahms. Sehemu ya mwisho ya simfonia hiyo imesalia kwenye kanda. Siku chache baadaye alikimbilia Uswisi.

Baada ya vita alifikishwa mbele ya baraza lililochunguza waliohusiana na Manazi, ambalo lilimwondolea lawama. Mei 1947 alirudi kuongoza Berlin, na mwaka huo huo mpiga fidla Yehudi Menuhin, aliyekuwa Myahudi, alipiga naye. Wengine hawakusamehe. Mwaka 1949 mpango wa kumpeleka kwenye okestra ya Chicago, Marekani, ulivunjika kutokana na upinzani wa wanamuziki wenzake. Alifariki karibu na Baden-Baden Novemba 30, 1954, akiwa na umri wa miaka 68.

Wakati huo kanda nyingi za vita zilikuwa Moscow, zilikochukuliwa na Wasovieti mwaka 1945. Kuanzia miaka ya 1960 kampuni ya Melodiya ilitoa baadhi yake katika santuri. Wakusanyaji wa Ulaya Magharibi walizisaka, wakanakili na kubadilishana, wakilinganisha tarehe na kumbi. Mwaka 1969 wapenzi wake nchini Ufaransa waliunda chama chenye jina lake. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: nakala zilianza kurudishwa Berlin mwaka 1987, na kanda zenyewe zikafuata mwaka 1991. Mwaka 2019 Berlin Philharmonic ilitoa mkusanyo wa diski 22 za rekodi za redio za mwaka 1939 hadi 1945.

Mijadala haijaisha. Simfonia ya Tisa aliyoiongoza Bayreuth Julai 29, 1951, ilitolewa na EMI mwaka 1955 na kusifiwa kote duniani. Mwaka 2007 ikatolewa kanda nyingine kutoka redio ya Bavaria, na ikabainika kuwa toleo la EMI lilichanganya na sehemu za mazoezi. Mwaka 2021 ilitolewa kanda ya redio ya Sweden, iliyonasa matangazo ya jioni ile.

Bila wakusanyaji hao, sehemu kubwa ya kazi yake ingebaki maghalani. Lakini anayesikiliza kanda za Berlin hapokei uzuri peke yake. Humo mna watu walioketi wakikohoa na kupiga makofi wakati wenzao wakipelekwa kuuawa, na mna mtu aliyewapigia muziki. Kanda imehifadhi vyote viwili kwa pamoja.