David Sheldrick, ndovu wa Tsavo na upinde wa Waata

Ukitoka Malindi ukaufuata mto Sabaki kwenda juu, jina hubadilika ukawa Galana, na mbele kidogo unaingia Tsavo Mashariki. Kwa zaidi ya robo karne, mkuu wa mbuga hiyo alikuwa David Sheldrick.

Alizaliwa Misri mwaka 1919, akaletwa Kenya angali mtoto, na Vita Vikuu vya Pili akapigana katika jeshi la KAR. Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa Aprili 1948. Alipokabidhiwa upande wa Mashariki, hakuwa ametimiza miaka 30, na huko hakukuwa na barabara wala nyumba, ni vichaka vya miiba tu. Alichonga njia na kujenga bwawa la Aruba ili wanyama wapate maji. Ndovu (sisi wa Pwani hatusemi tembo, maana tembo hunywewa) walikuwa wengi, lakini mizoga nayo ilikuwa mingi.

Waliowaua walikuwa hasa Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu. Hawa waliishi kwa ndovu. Pinde zao mtu asiyezoea hawezi hata kuzivuta, na mishale waliipaka sumu ya msunguti. Nyama walikula wao. Pembe ziliteremka huku kwetu kwa wafanyabiashara, na hilo tusijifanye hatulijui. Faida kubwa haikubaki kwa mwenye upinde.

Mwaka 1956 na 1957 Sheldrick, akisaidiana na Bill Woodley, aliwaandama kijiji kwa kijiji hadi uwindaji ule ukavunjika. Wengi walifungwa. Kosa lao lilikuwa kufanya walivyofanya babu zao, katika ardhi waliyoijua kuliko yeyote. Sheldrick mwenyewe aliuheshimu ujuzi wao. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, mashariki ya mbuga, ili Waata wawinde kwa idhini na kwa kiasi. Haukumaliza muongo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo nafasi nzuri kuliko zote ilipopotea.

Ndani ya mbuga ndovu waliongezeka, wakang'oa miti hata mibuyu. Mwanasayansi Richard Laws alitaka maelfu wapunguzwe kwa risasi. Sheldrick akakataa: maumbile yatajisawazisha yenyewe. Ukaja ukame wa 1970 na 1971, wakafa ndovu wapatao 6,000, wengi wao majike na watoto walioshindwa kuondoka karibu na maji. Ubishi wa nani alikuwa na haki haujaisha hadi leo.

Baada ya ukame wakaja majangili wenye bunduki, na hao hawakuwa Waata. Mwishoni mwa miaka ya 1960 eneo la Tsavo lilikuwa na ndovu wapatao 35,000. Kufikia 1988 walibaki elfu sita na kitu. Hesabu ya 2021 ilipata karibu 15,000.

Sheldrick hakuyaona hayo yote. Mwaka 1976 alihamishiwa Nairobi, na Juni 1977 moyo ukasimama. Mkewe, Daphne, akaanzisha kwa jina lake mfuko unaolea ndovu mayatima hadi sasa. Wiki chache kabla ya kifo chake, serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji nchini kote. Kwa Waata, hata ule mlango mdogo wa Galana ukawa haufunguki tena.