MICHAEL JACKSON ALIJICHUBUA? SOMA HAPA KWANZA

Juzi nilikuwa kijiweni hapa Usagara, pale njia inapogawanyika ya Shinyanga na ya Sengerema, redio ya dukani ikapiga Billie Jean. Mzee mmoja akaanza yale yale: jamaa alikuwa mweusi kama sisi, akajipaka mkorogo mpaka akawa mzungu, Mungu akamwadhibu. Watu wakacheka ile mbaya. Mimi sikucheka, sababu nitaisema mbele.

Tuanze mwanzo. Michael alizaliwa tarehe 29 Agosti 1958 mjini Gary, jimbo la Indiana, Marekani. Baba yake, Joseph, alikuwa kibarua wa kiwanda cha chuma, nyumba ndogo na watoto wengi. Baba akaunda bendi ya wanawe, The Jackson 5, na mwaka 1969 wakatoa kibao chao cha kwanza na kampuni ya Motown. Dogo alikuwa na miaka 11 tu. Angalia picha za wakati ule: ni mtoto mweusi tii, nywele afro, ngozi safi.

Thriller ilitoka mwisho wa mwaka 1982, nayo ndiyo inatajwa kuwa albamu iliyouzwa kuliko zote duniani. Mwaka 1983 akateleza kinyumenyume jukwaani akiwa na glovu moja, dunia ikachizika. Baada ya yeye kufa, mwigizaji Cicely Tyson alisimulia kwamba ile glovu ilishonwa ili kuficha mabaka meupe mkononi. Sisi tulidhani ni fasheni bana!

Katikati ya miaka ya 1980 daktari wake wa ngozi alimkuta na magonjwa mawili, vitiligo na lupasi ya ngozi. Vitiligo ndiyo hii ambayo wengine wanaiita balanga. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kuua chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Sehemu hiyo inabaki nyeupe. Duniani inakadiriwa kama mtu 1 katika 100 anayo, wazungu, wahindi, sisi, wote, ila kwa mweusi inaonekana haraka.

Mwanzoni Michael alipaka vipodozi vyeusi kufunika mabaka. Mabaka yalipozidi weusi uliobaki, ikabidi ageuze, afunike weusi kwa vipodozi vyeupe. Nyumbani kwake, baada ya kifo, zilikutwa tyubu za Benoquin. Hiyo ni dawa ya kuondoa rangi iliyobaki ili ngozi iwe sawa, na rangi ikishaondoka hairudi. Kwa hiyo ni kweli alipaka dawa ya kung'arisha, lakini siyo kama wale wanaonunua mkorogo mtaani wakiwa wazima. Tofauti ni kubwa sana. Na ule mwavuli na makofia? Ngozi isiyo na rangi inaungua na jua, muulize ndugu yetu yeyote mwenye ualbino huku Kanda ya Ziwa.

Februari 1992 alikuja Afrika, na Tanzania alifika. Dar es Salaam alikutana na Rais Ali Hassan Mwinyi, akatembelea watoto wenye ulemavu wa akili pale Sinza. Magazeti badala ya kuandika hayo yakavumisha kwamba anashika pua kwa sababu anaona Afrika inanuka. Watu wake walikanusha, lakini uvumi ulikwisha kukimbia.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 10 Februari 1993, akakaa na Oprah Winfrey kwenye televisheni, mamilioni wakitazama, akasema wazi kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi, hauzuii, na upo upande wa ukoo wa baba yake. Wengi hawakumwamini. Mwaka huo huo alituhumiwa kumdhalilisha mtoto, shauri likaisha kwa malipo. Kesi nyingine ilifika mahakamani, akaachiwa huru 2005. Mabishano ya hayo hayajaisha hadi leo na mimi sina ubavu wa kuyaamua.

Sasa sababu yangu. Nilipokuwa kidato cha tatu vidole vyangu vilianza kuwa vyeupe, kisha pembeni ya mdomo. Shangazi akasema nimerogwa. Tukaenda kwa mganga, nikachanjwa chale, mbuzi wetu akaondoka, mabaka yakabaki. Darasani walikataa kula na mimi wakidhani ni ukoma. Mpaka daktari aliponieleza: baka la ukoma linakufa ganzi, ukiliguza husikii, na dawa zake zinatolewa bure. Mba una magamba madogo na unatibika kwa dawa ya fangasi. Vitiligo ni nyeupe kama maziwa, haina magamba, haina ganzi, haiambukizi hata mkila sahani moja. Zipo dawa za kupaka na tiba ya mwanga zinazowasaidia baadhi ya watu kurudisha rangi. Ukiona baka usilolielewa nenda kwa daktari wa ngozi, kwa Mwanza Bugando wapo, usianze na chale.

Michael alifariki tarehe 25 Juni 2009 kwa dawa ya usingizi, na daktari wake alitiwa hatiani 2011. Wapasuaji wa Los Angeles walipoukagua mwili wakaandika kwenye ripoti yao: ana vitiligo. Miaka 16 baada ya yeye kusema! Tangu 2011 tarehe hiyo ya 25 Juni ni siku ya vitiligo duniani.

Yote haya nilimwambia yule mzee, nikamwonyesha na vidole. Akavishika, akavigeuza. Akasema sawa, ngozi amekubali, lakini pua je? Hapo nikamwachia. Ya pua Michael mwenyewe alikiri, alipasuliwa.