Al-Jahiz, mtoto wa Basra aliyewasoma wanyama

Kwetu mtoto akizaliwa, hakosi bibi wa kumwangalia masikio: huyu atakuwa mweupe au atafuata weusi wa babu yake? Mambo haya tumeyabeba mpaka Muscat na Dubai. Kila nikiyasikia namkumbuka Al-Jahiz.

Jina lake hasa ni Abu Uthman Amr bin Bahr. Alizaliwa Basra, Iraki, kiasi ya mwaka 776. Al-Jahiz ni lakabu tu, kwa macho yake yaliyotokeza. Kwao walikuwa masikini. Inasimuliwa kuwa babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Yeye mwenyewe, wanasema, aliuza mkate na samaki, na usiku akikodi maduka ya vitabu akeshe humo akisoma. Maandishi yake yakamfikisha Baghdad, yakampendeza Khalifa Al-Mamun.

Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Hayawan, yaani Kitabu cha Wanyama, kina juzuu saba. Alimsoma Aristotle, lakini hakumkubalia kila kitu.

Ninalompendea zaidi ni risala yake ya kuwatetea watu weusi, wakiwemo Wazanji, watu wa pwani yetu. Humo ametaja nchi ya Bani Sulaym huko Arabuni, ardhi ya mawe meusi. Watu wake weusi, na punda na paa wake weusi vilevile. Basi hoja yake ni kuwa weusi si adhabu ya Mungu, ni kazi ya nchi yenyewe.

Leo sayansi ingemrekebisha hapa na pale, ila kuwa mwili hufuata ardhi, hilo nimelifundisha miaka mingi. Mtazameni ngamia. Nundu yake si tangi la maji, ni akiba ya mafuta. Figo zake hubana maji, mkojo ukatoka mzito. Mchana huacha mwili upate joto ili asipoteze jasho. Kope ndefu na pua inayofungika humkinga na mchanga, na nyayo pana humzuia asizame.

Al-Jahiz alirudi Basra mzee, nusu ya mwili imepooza, akafariki kiasi ya mwaka 868. Wengine husema aliangukiwa na vitabu vyake.

Skuli ya misheni niliyosoma hatukumsikia kabisa. Nyinyi mmeshamsikia, basi masikio ya mtoto tuyaache.