Septima Clark: Mwalimu aliyefutwa kazi akaanzisha shule za uraia

SEPTIMA Poinsette Clark alizaliwa Mei 3, 1898 mjini Charleston, jimbo la South Carolina, Marekani. Babake alikuwa amezaliwa utumwani.

Alipohitimu ualimu mwaka wa 1916, hakuweza kuajiriwa katika shule za umma mjini humo kwani walimu weusi walipigwa marufuku. Alikwenda kufundisha Johns Island, kisiwa cha wakulima maskini, ambako watu wazima wengi hawakujua kusoma.

Mnamo 1919 alijiunga na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, akakusanya saini nyumba hadi nyumba. Mwaka uliofuata marufuku hiyo iliondolewa.

Hata hivyo, mnamo 1956 jimbo hilo liliwakataza wafanyakazi wa serikali kuwa wanachama wa NAACP. Clark alikataa kujitoa. Alifutwa kazi na kunyimwa malipo ya uzeeni baada ya kufundisha kwa miaka 40.

Kituo cha mafunzo cha Highlander, Tennessee, kilimpa kazi. Wakati huo, aliyetaka kusajiliwa kupiga kura South Carolina alitakiwa kusoma kifungu cha katiba ya jimbo mbele ya msajili. Sharti hilo liliwafungia nje weusi wengi.

Esau Jenkins, dereva wa basi aliyewafunza abiria wake katiba safarini, aliomba Johns Island ipate shule ya watu wazima. Ilifunguliwa Januari 1957 katika chumba cha nyuma cha duka, ili wazungu wasishuku.

Clark alimchagua Bernice Robinson, msusi, kuwa mwalimu, akiamini kuwa hangewadharau wanafunzi. Wanafunzi 14 walianza kwa kuandika majina yao na kujaza fomu, kisha wakasoma katiba.

Mnamo 1961 mpango huo ulihamia shirika la Martin Luther King, SCLC. Clark aliwafunza wakulima na wasusi kuwa walimu katika majimbo ya kusini, ingawa viongozi wanaume wa shirika hilo walipuuza maoni ya wanawake.

Sheria ya 1965 ilisimamisha mitihani hiyo ya wapiga kura. Mnamo 1976 Clark alirejeshewa malipo yake ya uzeeni. Aidha, alichaguliwa katika bodi ya shule za Charleston, kwa kura za raia ambao zamani hawangeruhusiwa kupiga kura.

Alifariki Desemba 15, 1987 akiwa na umri wa miaka 89.