Wilbur Wright, Fundi wa Eropleni

Wilbur Wright alizaliwa tarehe 16 Aprili mwaka 1867, katika jimbo la Indiana, nchi ya Marekani. Baba yake, Milton Wright, alikuwa mhubiri wa Injili, na baadaye akawa askofu katika kanisa lake. Mama yake, Susan, alikuwa binti wa fundi wa magari ya farasi. Tangu utoto wake aliingia katika karakana ya baba yake, akajifunza kushika nyundo na msumeno. Basi kitu kilipovunjika nyumbani, watoto walimwendea mama, maana ndiye aliyejua kutengeneza.

Mwaka 1878 baba alirudi kutoka safarini, akawaletea Wilbur na mdogo wake Orville kitu cha kuchezea kilichofanyizwa kwa mianzi, kizibo na karatasi. Mtu akisokota uzi wa mpira uliokuwamo, kisha akakiachilia, kiliruka juu mpaka darini. Wilbur alikuwa na miaka 11, na Orville miaka 7. Kilipochakaa walifanyiza kingine, na kingine kikubwa zaidi. Lakini kadiri walivyozidisha ukubwa wake, ndivyo kilivyozidi kukataa kuruka. Sababu yake hawakuijua wakati ule.

Wilbur alikuwa hodari wa masomo na michezo, akatumaini kwenda chuo kikuu. Lakini katika majira ya baridi ya mwaka 1885 kuingia 1886, alipokuwa akicheza na wenzake juu ya barafu, alipigwa na fimbo usoni, akapoteza meno ya mbele. Afya yake ikaharibika, hata shauri la chuo likaachwa. Siku zile mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Kwa muda wa miaka mitatu Wilbur alikaa nyumbani akimwuguza. Asubuhi alimbeba kumshusha orofa ya chini, na jioni alimbeba tena kumpandisha. Saa zilizobaki alisoma vitabu vya baba yake. Mama alikufa mwaka 1889.

Baada ya hayo ndugu hao wawili walifanya kazi pamoja katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Kwanza walipiga chapa kwa mtambo walioujenga wenyewe kwa vipande vya vitu vilivyotupwa. Mwaka 1892 wakafungua duka la baisikeli. Walitengeneza zilizoharibika, na baadaye wakaanza kuunda za kwao. Hawakuoa, wala hawakutengana.

Mwaka 1896 habari zilifika kwamba Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeelea hewani mara nyingi kwa mabawa aliyojitengenezea, ameanguka na kufa. Habari hizo zilimwingia Wilbur moyoni. Tarehe 30 Mei mwaka 1899 aliandika barua kwa nyumba ya elimu iitwayo Smithsonian, mjini Washington, akiomba ajulishwe vitabu vyote vilivyoandikwa juu ya kuruka. Alipovisoma, aliona ya kuwa wengi walishughulika na mabawa na mitambo, lakini wachache sana walijali namna ya kuiongoza eropleni ikiwa hewani. Yeye alikuwa mtu wa baisikeli. Alijua kwamba baisikeli haisimami peke yake, lakini huwa salama mikononi mwa aliyeizoea. Basi akaona ya kuwa mwenye kuruka lazima naye ajifunze kukisawazisha chombo chake.

Akatazama tai, akaona jinsi wanavyopinda ncha za mabawa yao upepo ukiwayumbisha. Siku moja dukani alikuwa akizungumza na mnunuzi, na mkononi ameshika sanduku refu la karatasi ngumu lililokuwa na mpira wa gurudumu. Huku akisema alilisokota huku na huku bila kufikiri. Mara akaona ya kuwa mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaweza kusokotwa vivyo hivyo kwa kamba. Akafanyiza tiara yenye upana wa futi 5, akaijaribu shambani. Kila alipovuta kamba, tiara ilitii.

Mwaka 1900 walijenga chombo kisicho na mtambo, kikubwa cha kumchukua mtu. Walikipeleka Kitty Hawk, katika pwani ya jimbo la North Carolina, penye upepo mwingi na mchanga laini wa kumpokea mtu akianguka. Huko Wilbur aliazima cherehani ya mke wa mwenyeji wake, akashona upya vitambaa vya mabawa. Kazi ilipokwisha mwaka ule, chombo kile kilichochakaa kiliachwa mchangani, na mama yule akakata kitambaa chake akawashonea binti zake nguo.

Mwaka 1901 walirudi na chombo kikubwa zaidi, wakitumaini makuu. Lakini nguvu ya mabawa kuinua mzigo ilikuwa kama theluthi moja tu ya ile waliyoihesabu. Wilbur alirudi nyumbani amevunjika moyo. Kisha akajiuliza kama kosa ni la mabawa, au ni la hesabu zilizoandikwa na wataalamu waliowatangulia. Hakutaka kukisia. Yeye na Orville wakafanyiza sanduku la mbao lenye urefu wa futi 6, wakatia pangaboi upande mmoja ili lipeleke upepo ndani. Kwa misumeno ya chuma iliyochakaa na nyaya za magurudumu ya baisikeli walitengeneza mizani ndogo. Wakajaribu mabawa madogo ya namna mbalimbali, yapata 200, wakaandika hesabu ya kila moja. Ndipo walipojua ya kuwa hesabu walizozitegemea hazikufaa, wakaandika za kwao.

Chombo cha mwaka 1902 kilijengwa kwa hesabu hizo mpya. Kiliinuka vizuri, ila mara nyingine kililala upande mmoja, kikazunguka na kujichimbia mchangani. Orville alitoa shauri kwamba usukani wa nyuma, uliokuwa umekazwa, uachiwe ugeuke. Wilbur akaongeza kwamba kamba zake ziungwe pamoja na kamba za kupinda mabawa. Wakatengeneza hivyo, na tabia ile mbaya ikaisha. Mwezi wa Septemba na Oktoba waliruka mara zaidi ya 700.

Sasa ilibaki kutia mtambo. Wenye viwanda hawakuweza kuwapa ulio mwepesi kama walivyotaka. Basi fundi wao wa dukani, Charlie Taylor, aliuunda kwa majuma sita tu, wenye nguvu za farasi 12. Ndugu wale walichonga kwa mikono yao rafadha mbili za mbao, yaani zile panga zizungukazo na kuisukuma eropleni, nazo zikazungushwa kwa minyororo kama ya baisikeli. Mabawa yalifunikwa kwa melimeli.

Walipofika Kitty Hawk mwaka 1903, taabu zilifuatana. Mihimili ya chuma iliyobeba rafadha iliharibika, ikapelekwa Dayton kutengenezwa. Iliporudi, magurudumu ya meno yaliyovutwa na minyororo yalilegea kila mtambo ulipowashwa. Wakayakaza kwa gundi ya kugandishia mipira ya baisikeli, yakashika. Kisha mhimili mmoja ukaonekana una ufa. Ulikuwa mwisho wa Novemba, baridi inazidi, na wangaliweza kujaribu bahati yao. Lakini ufa mdogo ukiwa ardhini huwa mauti hewani. Orville alisafiri mpaka Dayton, akaunda mihimili mingine ya chuma kigumu kisicho na uwazi ndani, akarudi tarehe 11 Desemba.

Siku tatu kabla ya kurudi kwake, mtaalamu mashuhuri Samuel Langley, aliyekuwa amepewa dola 50,000 na serikali ya Marekani, alijaribu eropleni yake juu ya mto Potomac. Ikavunjika, ikaanguka majini. Ndugu hawa walikuwa wametumia chini ya dola 1,000, fedha za faida ya duka lao.

Tarehe 13 Desemba hali ya hewa ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa Jumapili, nao kwa heshima ya Siku ya Bwana na ya baba yao hawakuruka. Kesho yake walirusha sarafu ili kujua atakayetangulia, ikamwangukia Wilbur. Lakini aliielekeza eropleni juu mno, ikapungukiwa na mwendo, ikaanguka na kuvunjika baadhi ya vijiti. Walitumia siku mbili kuitengeneza.

Tarehe 17 Desemba upepo ulikuwa mkali, na maji ya mvua yaliyotuama yameganda. Walikuwapo watu watano kushuhudia. Yapata saa 4 na nusu asubuhi Orville aliruka kwa nukta 12, mwendo wa futi 120. Walipokezana, na mara ya nne Wilbur akaruka kwa nukta 59, mwendo wa futi 852. Hivyo kwa mara ya kwanza mtu alichukuliwa hewani na eropleni yenye mtambo, naye akiiongoza. Walipokuwa wakizungumza, dhoruba iliinua eropleni ile, ikaibingirisha mchangani. Haikuruka tena kamwe.

Wengine wangalitosheka. Wilbur aliona ya kuwa chombo kiwezacho kuruka nukta 59 katika mstari mmoja hakijamfaa mtu. Miaka miwili walifanya kazi katika malisho ya ng'ombe karibu na Dayton. Waliruka, wakaanguka, wakatengeneza, wakabadili. Walikuza usukani na bawa dogo la mbele, wakavisogeza mbali zaidi na mabawa. Tarehe 5 Oktoba mwaka 1905 Wilbur alizunguka juu ya malisho yale kwa dakika 39, mwendo wa maili 24.

Mwaka 1908 Wilbur alikwenda Ufaransa, ambako wengi walisema habari zake ni uongo. Alipofungua masanduku alikuta eropleni imeharibika katika njia. Majuma mengi alitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, hata siku moja bomba la maji ya moto likapasuka likamwunguza mkono vibaya. Watu walinung'unika kwamba anakawia. Yeye hakujibu, wala hakuruka mpaka amekwisha kukagua kila kitu. Usiku alilala katika banda, kando ya eropleni. Tarehe 8 Agosti, karibu na mji wa Le Mans, aliruka kwa dakika moja na nukta 45, akazunguka mara mbili, akatua taratibu. Watu walipiga kelele kwa furaha, na waliomshuku wakakiri kosa lao.

Lakini mwezi uliofuata habari ya msiba ilimfikia kutoka Marekani. Tarehe 17 Septemba Orville alikuwa akiruka pamoja na ofisa wa jeshi, Thomas Selfridge. Rafadha moja ilipasuka, na waya wa usukani ukang'oka. Eropleni ikaanguka, Selfridge akafa, na Orville akavunjika paja na mbavu. Wilbur alijilaumu sana. Alifikiri kwamba wageni wengi walimsumbua ndugu yake hata asipate utulivu wa kukagua, na kwamba kama yeye angalikuwapo, msiba usingalitokea. Kwa siku chache hakuruka. Kisha akaendelea, na tarehe 31 Desemba akakaa hewani muda wa saa 2 na dakika 20.

Sifa ilileta taabu yake. Uvumbuzi wao ulikuwa umeandikishwa mwaka 1906 kuwa haki yao, nao waliwashitaki watu walioutumia bila ruhusa. Miaka ya mwisho ya Wilbur ilipotea kwa mawakili na mahakama, wala hakupata nafasi ya kukaa karakanani. Wakati ule ule mafundi wengine, hasa wa Ufaransa, waliendelea kujenga na kubadili, hata wakawapita. Aliyewashinda wote kwa kazi ya mikono alichoshwa na kazi ya karatasi.

Hata hivyo ilikuwapo siku ya furaha. Ndugu wale walikuwa wamemwahidi baba yao kwamba hawataruka pamoja, ili mmoja akifa mwingine abaki. Tarehe 25 Mei mwaka 1910 aliwapa ruhusa, wakaruka pamoja mara moja tu. Siku ile ile Orville akamchukua baba yao hewani, naye mzee alikuwa na umri wa miaka 81.

Mwaka 1912 Wilbur alishikwa na homa ya matumbo, akafa nyumbani Dayton tarehe 30 Mei, umri wake miaka 45. Ilikuwa imetimia miaka 13 kamili tangu alipoandika barua ile ya kuomba vitabu. Orville aliishi mpaka mwaka 1948.

Eropleni ya mwaka 1903 ilitengenezwa, nayo imewekwa katika nyumba ya makumbusho mjini Washington. Mwaka 1969, watu wa kwanza walipotua mwezini, walichukua pamoja nao kipande cha melimeli ya mabawa yake na kipande cha mti wake. Na hata leo wako watu, Marekani na kwingineko, wajengao eropleni ndogo nyumbani kwao, kila mtu kwa mikono yake. Kabla ya kuruka huizunguka eropleni taratibu, wakishika kila waya na kutazama kila msumari. Wakiona ufa, hawaruki siku ile.